Bugali mara moja, sukari siku nzima

Mama, jambo sana.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bukavu. Nina miaka 38, watoto wanne, na mume anayefanya kazi ya pikipiki. Tunakaa Kadutu, kule juu kabisa, na shule yangu iko upande wa Ibanda, kwa hiyo kila asubuhi nashuka mlima na kila jioni naupanda. Zamani niliupanda huku nazungumza kwenye simu. Sasa nasimama mara tatu, najifanya natafuta kitu kwenye mkoba ili watu wasione kwamba nahema.

Nguvu zimeisha, Mama. Saa nne asubuhi, katikati ya hesabu, macho yanajifunga yenyewe. Nikiinama kuokota chaki, nikiinuka naona giza. Kichwa kinauma karibu kila siku. Nyumbani nakuwa mkali kwa watoto bila sababu, halafu nawaonea huruma wakiwa wamekwisha lala.

Uliwahi kuandika kwamba anayekueleza mambo ya mwili wake akueleze na anachokula, basi naandika. Asubuhi sisikii njaa. Nakunywa chai ya rangi, gobleti kubwa, vijiko vinne vya sukari, na mandazi mawili au kipande cha mkate. Saa nne, watoto wakitoka kucheza, nanunua sukre, yaani soda, baridi kwa ajili ya kichwa. Saa nane, kama kuna mkutano au masomo ya nyongeza, naongeza kile kikopo cha enerji, na siku hizi mikutano haiishi. Maji sinywi kazini. Choo cha shule yetu, Mama, tukiache kilivyo. Nikifika nyumbani nawasha makala, yaani makaa, chakula kinaiva saa mbili usiku: bugali wa muhogo na sombe ya majani ya muhogo, au lengalenga, ule mchicha wetu, siku nyingine maharage, na sambaza, wale dagaa wa ziwani, mara mbili au tatu kwa wiki. Sambaza nawapa baba na watoto, mimi natosheka na mchuzi. Nakula bugali hadi nashiba sana, kwa kuwa ndicho chakula changu cha siku. Halafu chai tena, vijiko vinne, kwa sababu ya baridi, nalala. Kifua kinawaka, nageuka huku na huku mpaka alfajiri.

Siku zangu za mwezi, tangu kitinda mimba wangu, zimekuwa ndefu. Saba, hata nane.

Mama mkwe anasema nimelishwa karuho, ile sumu ya kichawi. Amepata mzee mmoja anayetapisha watu na amenipangia Jumamosi ijayo. Dada mmoja wa kikundi chetu cha sala anauza unga wa kwenye boksi, eti unasafisha damu na kurudisha nguvu, na bei yake ni theluthi ya mshahara wangu, mshahara ukifika. Walimu wenzangu wanasema nikoroge nyanya ya kopo ndani ya sukre nyekundu. Na kwenye simu nimesoma kwamba chakula cha nguvu ni shayiri, mtindi, samaki wa Ulaya na matunda fulani madogo ya bluu. Mimi sina frigo, na makala yanapanda bei kila mvua ikiharibu barabara.

Niambie nile nini. Lakini tafadhali, kiwe chakula cha Kadutu.

Mwalimu anayehema

*

Mwalimu, mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilihesabu sukari. Mara ya pili nilisimama kwenye sentensi moja uliyoipita mbio, hii hapa: "Sambaza nawapa baba na watoto, mimi natosheka na mchuzi." Nitairudia, usidhani imenipita.

Kabla ya chungu, damu. Mwanamke anayetokwa na damu siku saba au nane kila mwezi, anayehema kwenye mlima aliouzoea, anayeona giza akiinuka: mimi niliyefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, kitu cha kwanza kinachonijia kichwani ni upungufu wa damu. Nenda kituo cha afya wiki hii, uombe wakupime hemoglobini, kile kipimo cha wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye na mimba, chini ya gramu 12 kwa desilita ndiyo huitwa upungufu. Na kwa kuwa Bukavu iko juu, karibu mita 1500, ambako hewa ni nyepesi na mwili hulazimika kutengeneza damu nzito kidogo kuliko ya mtu wa pwani, mpimaji makini hatakupigia makofi kwa 12 kamili. Wapime na malaria, na choo pia, maana kuna minyoo inayonyonya damu utumboni kimya kimya, miezi na miezi. Hizo siku nane uwatajie bila aibu. Mama zetu walizivumilia, lakini huenda ni uvimbe kwenye kizazi, huenda ni njia ya uzazi wa mpango unayotumia, hasa kama ni kile kitanzi cha shaba. Tundu lisipozibwa, hata nikikupikia maini kila siku, debe halitajaa.

Wakikuta damu imepungua watakupa vidonge vya madini ya chuma. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Usivimeze kwa chai. Na usiviache baada ya wiki mbili kwa sababu tu umeanza kujisikia vizuri: damu ikisharudi, mwili bado unataka miezi kadhaa ya kujaza ghala lake.

Sasa karuho. Sitakucheka, wala sitamcheka mama mkwe wako, mimi pia nimekulia hapa na najua neno hilo linavyoweza kunyamazisha nyumba nzima. Ila nimepokea watu waliotapishwa siku tatu mfululizo, wameletwa midomo imekauka, hawawezi kusimama, na tulipopima tukakuta vidonda vya tumbo, au homa ya ini, au kifua kikuu kilichokuwa kinakula mapafu huku familia ikimtafuta mchawi. Mtu ambaye damu yake ni haba akitapishwa, anapoteza maji na chumvi ambavyo hakuwa navyo vya kupoteza. Usiende. Mwambie mama mkwe kwa heshima kwamba unaanza na kupimwa, halafu umpelekee karatasi ya maabara. Nimeona wakwe wengi wakali wakilainika mbele ya karatasi yenye muhuri.

Unga wa boksi uache kwenye boksi. Na wenzako wa shule wana moyo mwema, lakini wekundu hautengenezi damu. Ingekuwa hivyo, pilipili ingetutosha. Nyanya yenyewe ni chakula kizuri, na nitakuambia mahali pake. Si ndani ya sukre.

Tuhesabu basi, wewe si mwalimu wa hesabu? Chupa ya sukre ya sentilita 33 ina sukari ya gramu 35 hivi. Kikopo cha enerji cha mililita 250 kina gramu 27 hivi. Chai yako ya asubuhi na ya usiku, vijiko vinane vya bapa, gramu 32, na najua vijiko vya Kadutu si vya bapa. Siku yenye mkutano unafika gramu 94. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na ikiwa chini ya 25 ni bora zaidi. Kwa hiyo unakula karibu mara mbili ya kikomo, mwanangu, tena tumbo likiwa tupu.

Hapo ndipo panapoelezeka usingizi wa saa nne. Chai tamu na mandazi vinayeyuka upesi, sukari inapanda kwenye damu, kongosho linamwaga insulini kuishusha, na kwa baadhi ya watu baada ya saa chache inashuka kwa kishindo. Unapandisha tena kwa sukre, inashuka tena. Mlima wa Kadutu unaupanda mara moja kwa siku. Huu wa sukari unaupanda mara nne. Na kile kikopo cha saa nane kina kafeini ya miligramu 80 hivi, ambayo baada ya saa tano nusu yake bado inazunguka mwilini. Ongeza chai nzito ya usiku juu yake, kisha unaniambia unageuka huku na huku. Utaacha vipi kugeuka?

Nikuambie jambo ambalo simu yako haikukuambia: chakula unachokula kina ubaya mdogo sana. Sombe, lengalenga, maharage, sambaza, mtu wa Ulaya angelipa pesa nyingi kula hivyo. Kilichoharibika ni saa zake, na jinsi kinavyogawanywa. Unakaa karibu saa ishirini na nne bila mlo, halafu usiku unakula mlo wa siku nzima na kuulalia. Ndiyo maana kifua kinawaka. Ndiyo maana pia asubuhi husikii njaa, kwa kuwa tumbo bado linafanya kazi ya jana.

Kwa hiyo punguza usiku, na kile ulichopunguza ndicho kitakuwa kifungua kinywa. Ukichemsha maharage jioni, ongeza vikombe viwili. Ukichemsha viazi vitamu, ongeza vitatu. Asubuhi pasha maharage mpaka yatokote kweli, si kuyatia vuguvugu tu, maana huna frigo na vijidudu havijali kwamba usiku wa Bukavu ni wa baridi. Kiazi kitamu na kikombe cha maharage saa kumi na mbili unusu, nakuhakikishia saa nne itapita na chaki utaiokota. Siku usizokuwa na maharage, pika uji wa masoso, ule wa mahindi, soya na mtama. Tunawapa watoto waliokonda, halafu sisi wenyewe tunauonea haya, kana kwamba mtu mzima hana damu ya kujenga.

Wiki ya kwanza utalazimika kujilazimisha kidogo. Njaa ya asubuhi ni kama mtoto wa shule, inarudi ikijua mlango uko wazi.

Saa nne, mahali pa sukre, beba kitu nyumbani. Karanga za kukaanga kwenye karatasi, ndizi mbili, avoka na kipande cha mkate. Sikutajii bei, kwa sababu bei ya soko la Nyawera si ya Kadutu na ya leo si ya kesho, lakini peleka pesa ya sukre moja na kikopo kimoja cha enerji sokoni uone zinakurudishia nini mkononi. Najua walimu wengine wataangalia. Mwalimu anayefungua bakuli la viazi vitamu anaonekana maskini, mwenye kikopo cha enerji anaonekana ameendelea. Wiki mbili hivi watacheka, kisha wataanza kuomba kipande.

Sukari ya chai ishushe polepole, vijiko vitatu wiki hii, viwili wiki ijayo, ulimi unazoea bila ugomvi. Kikopo cha enerji kiache tu, ila kama umekuwa ukikinywa karibu kila siku, kichwa kinaweza kukuuma siku mbili tatu za mwanzo. Itapita.

Chai nayo nina neno nayo. Inalimwa hapa hapa milimani kwetu na siwezi kuisema vibaya mbele ya watu. Lakini ina kitu kinachoshikana na madini ya chuma tumboni na kuyazuia yasiingie mwilini. Kahawa ni vile vile. Mtu mwenye damu ya kutosha hapati shida. Wewe, unayekunywa chai pamoja na mandazi asubuhi na tena mara tu baada ya sombe usiku, kile kidogo ulichokipata kwenye majani unakisindikiza chooni. Iache chai ikae mbali na chakula, saa moja au mbili. Baridi ya usiku itulize kwa majani ya mchaichai, hayana kafeini.

Na hapa ndipo mahali pa nyanya. Chuma kilichomo kwenye majani na maharage ni kigumu kuingia mwilini, kinahitaji mtu wa kukishika mkono: vitamini C. Nyanya mbichi iliyokatwa juu ya maharage, ndimu iliyokamuliwa juu ya lengalenga, pera moja au chungwa wakati ule ule wa kula. Wakati ule ule, siyo kesho yake. Mananasi yanayoshuka na mitumbwi kutoka kisiwa cha Idjwi pale soko la Muhanzi yanafanya kazi hiyo hiyo, na ni matamu kuliko sukre.

Sasa sahani yako. Nadhani inafanana na ya nyumba nyingi: bugali umesimama kama mlima Kahuzi, mboga ni kijito kinachopita chini yake. Unga wa muhogo, kila gramu 100 una protini gramu moja au mbili tu. Wa mahindi una nane hivi. Maharage makavu yanapita 20. Sikuambii uache bugali, mume wako angeniandikia barua. Changanya unga, nusu muhogo nusu mahindi, wengi wanafanya hivyo tayari na bugali unakuwa laini vizuri. Kisha punguza kipande chako kwa theluthi, na nafasi iliyobaki ijaze maharage au majani.

Kwenye sombe nitakaa kidogo, kwa kuwa ndiyo tunayoipika sana na ndiyo tunayoiharibu sana. Majani ya muhogo yana sumu ya asili, kwa hiyo yatwangwe vizuri na yachemke muda mrefu chungu kikiwa wazi, hilo mama yako alikufundisha. Shida ni mawese. Kuna wanaoyachoma kwenye sufuria mpaka moshi ujae nyumba na yale mafuta mekundu yageuke meupe, eti yaondoe harufu. Ule wekundu ndio vitamini A, ndio macho ya watoto wako na kinga yao dhidi ya magonjwa. Umelipia mafuta bora halafu umechoma ubora wenyewe, na makala umeyachoma pia. Yatie mekundu hivyo hivyo, sombe ikikaribia kuiva, moto mdogo. Kijiko kimoja kwa kila mlaji kinatosha. Ongeza karanga zilizosagwa kama zipo, biringanya, kitunguu. Chumvi iwe ile yenye iodini, uitie mwisho, na kopo lake lifunikwe.

Maharage yaloweke tangu usiku, maji yake uyamwage, uyapike yamefunikwa. Yanaiva mapema, gesi tumboni inapungua, na mfuko wa makala unadumu. Ukiwa na ndugu Kabare au Walungu, waulize pia kama wanapata mbegu za maharage yenye chuma kingi. Watafiti wa kilimo wa INERA pale Mulungu wamezifanyia kazi miaka mingi, na ukiziweka chunguni huoni tofauti na maharage mengine.

Sasa nimefika kwenye sentensi yako. Mdogo wangu, katika nyumba yenye watu sita, anayemwaga damu kila mwezi ni wewe. Anayehitaji chuma kuliko mume wako ni wewe, na hii ni biolojia, mwanamke wa umri wako anahitaji zaidi ya mara mbili ya anachohitaji mwanamume. Halafu ndiwe unayebaki na mchuzi. Najua hakuna aliyekuamuru. Mimi pia nililelewa na mama aliyesema hapendi nyama, mpaka siku moja kwenye harusi nikamwona anavyoila.

Sambaza ni samaki wa ajabu. Hakuwa wa ziwa letu, aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni vigumu kufikiri Kivu bila yeye. Kwa kuwa tunamla mzima, kichwa na mifupa, tunapata kalisi pamoja na protini, zinki na chuma chepesi kuingia mwilini. Tena ana fadhili nyingine: akiwa chungu kimoja na maharage au majani, anasaidia chuma cha majani nacho kiingie. Kwa hiyo kidogo chake kila siku kinakufaa kuliko sahani nzima mara mbili kwa wiki.

Fanya hivi. Wavuvi wanamvuta kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazimdanganyi, anapungua na bei inapanda. Subiri zile wiki za giza. Nunua wakati huo, anika juani mpaka awe mkavu kabisa, kisha mtie kwenye kinu, mtwange awe unga, uweke kwenye kopo kavu lenye kifuniko. Kila siku vijiko viwili vitatu vya unga huo ndani ya sombe, ndani ya maharage, hata ndani ya uji kama watoto hawana maneno. Unga hauwezi kutenganishwa na mchuzi. Hakuna atakayekuhamishia chake, wala wewe hutaweza kumhamishia mtu chako. Kinu kitagawa kwa haki kuliko mkono wa mama.

Maini ya ng'ombe ukiweza kuyapata mara moja kwa wiki mbili, hata kipande cha kiganja, yapike na usiwe mkarimu. Mayai, vile vile. Wala sikuombi ununue nyama kila siku.

Kuhusu maji nitasema upesi, ingawa hilo la choo limeniuma, maana walimu na wasichana wangapi wanakauka kwa sababu hiyo hiyo. Kunywa gobleti mbili za maji yaliyochemshwa nyumbani kabla ya kutoka, unapoamka, siyo unapofunga mlango. Nyingine mbili mara tu unaporudi. Kichwa cha saa nne, sehemu yake kubwa inaweza kuwa kiu tu.

Usiku, kula saa moja kama makala yatakubali, na usilale mpaka zipite saa mbili au tatu baada ya kula. Ndio maana maharage ya kulowekwa yanakufaa, yanakurudishia nusu saa. Mume akilalamika kwamba bugali umepungua, mpakulie wake kama kawaida. Anayebadilisha sahani ni wewe.

Vitu vichache visivyongoja chakula: ukikohoa zaidi ya wiki mbili, ukikonda bila kutaka, ukitokwa jasho la usiku, ukiwa na kiu isiyoisha na kukojoa kila saa, miguu ikivimba, au choo kikiwa cheusi kabla hujameza kidonge chochote, rudi kituoni siku hiyo hiyo. Kwa mengine, jipe wiki tatu za kula hivi. Ukiwa na upungufu mkubwa wa damu, vidonge ndivyo vitakavyokuinua, chakula kitakushikilia usianguke tena.

Jumamosi ile uliyopangiwa kwenda kutapishwa, nenda Muhanzi mapema badala yake, na kikapu. Uliza mwezi uko wapi kabla ya kuuliza bei. Jioni, chakula kikiiva, pakua sahani yako ya kwanza, kabla ya ya baba, kabla ya ya watoto, na sambaza juu yake. Ifunike uiweke pembeni. Wakiuliza ni ya nani, waambie ni ya mwalimu.